Homa, Hadubini na Msimamizi: Historia ya Kutambua Malaria katika Mji wa Dar es Salaam

Makusudio ya makala haya ni kueleza jinsi maradhi ya malaria yalivyotambuliwa na kutibiwa katika mji wa Dar es Salaam tangu siku za Wajerumani hata leo, na kuonyesha kwamba jambo lililochelewa kufika katika mji huu si chombo cha kupimia wala dawa, bali ni mtu wa kukaa kando ya mfanyakazi wa afya na kumsaidia afanye kazi yake vyema. Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika zahanati. Jibu ni kwamba kila hatua ya historia hii imeacha neno katika Kiswahili, na maneno hayo yakifuatwa kwa utaratibu yatueleza mambo ambayo hesabu ya dawa na vitanda haielezi. Sababu ya pili ni ya nyumbani kwangu, nami nitaitaja mahali pake.

Mahali penyewe si pakubwa. Mtu akitoka ufukoni, penye Hospitali ya Ocean Road, akapita Posta na kukivuka kiwanja cha Mnazi Mmoja, ataingia Kariakoo kwa miguu katika muda usiotimia saa moja. Sehemu kubwa ya habari hii imepita katika njia hiyo.

Tuanze na majina. Homa ni neno tulilolipata kwa Waarabu, kwao likiwa humma, na maana yake ni joto la mwili lipitalo kiasi. Katika matumizi ya mwambao homa imekuwa ni ugonjwa wenyewe, wala si dalili ya ugonjwa mwingine. Mtu husema ana homa, na msikilizaji huridhika kwamba ameambiwa kinachomsumbua. Malaria ni neno la Kitaliano lenye maana ya hewa mbaya, lililoundwa zama watu walipodhani kwamba maradhi haya hutoka katika mvuke wa mabwawa. Basi katika majina haya mawili hakuna hata moja limtajalo mbu, wala limtajalo mdudu aliomo ndani ya damu. La kwanza lataja dalili, la pili lataja dhana iliyokwisha kukanushwa. Kiswahili kilipohitaji jina la yule aletaye maradhi ndani ya mwili, wataalamu waliunda neno kimelea, yaani kitu kimeacho juu ya kingine. Ni neno zuri, lakini halikupenya sana mitaani. Mitaani watu husema wadudu.

Majina haya yana madhara yake. Wachunguzi waliofanya kazi katika wilaya ya Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta kwamba wazazi wengi walitenga homa ya malaria na degedege. Homa ya malaria ilikuwa ugonjwa wa kawaida, na mgonjwa alipelekwa zahanati. Degedege, yaani mtoto kukakamaa na kutupatupa viungo, ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa namna nyingine kabisa, nayo ilipelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji; wengine waliogopa kwamba sindano ingemwua mtoto. Neno lenyewe latokana na dege, ndege mkubwa. Lakini kwa daktari, degedege mara nyingi ni malaria ileile iliyozidi. Hapa twaona jinsi mpaka uliowekwa na msamiati unavyoweza kuwa mpaka kati ya mtoto na dawa yake.

Sasa tuje kwenye chombo. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliviona vimelea vya malaria katika damu ya askari huko Algeria mwaka wa 1880. Miaka kumi na saba baadaye, mwezi wa Agosti 1897, Ronald Ross akaviona ndani ya tumbo la mbu huko Secunderabad, India. Katika mwaka uleule wa 1897 Robert Koch, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya vijidudu, aliwasili Dar es Salaam akitoka Bombay alikokuwa akichunguza tauni. Hospitali mpya ya Wazungu ilikuwa imefunguliwa ufukoni mwaka huo. Koch alikaa katika koloni hili hata mwaka wa 1898, akipima damu za wenye homa.

Mafundisho aliyoyatoa yalikuwa wazi: si kila homa ya nchi za joto ni malaria, na anayestahili kuamua ni yule aliyeitazama damu. Alifika hata kudai kwamba ile homa ya mkojo mweusi, iliyowaua Wazungu wengi siku hizo, yaletwa na kwinini yenyewe na si na malaria. Rai hiyo ilibishaniwa sana, lakini onyo lililokuwamo ndani yake lilikuwa jema, nalo ni kwamba dawa itolewayo bila ya kupima yaweza kumdhuru aliyepewa. Kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza ya Afrika kuusikia mwongozo huu, pima kabla ya kutibu, kutoka kwa mtu aliyekuwa na chombo mkononi.

Mwaka wa 1901 daktari wa kijeshi aitwaye Ollwig alianza kuutumia mpango wa Koch mjini humu. Watu walipimwa damu nyumba kwa nyumba, na aliyekutwa na vimelea alipewa kwinini hata kama hakuwa na homa, kwa matumaini kwamba mbu wangekosa mahali pa kuchukua maradhi. Mpango huo ulisifiwa na kulaumiwa, lakini malaria haikuondoka. Mji wa bandari hauna mlango wa kufunga. Watu waliingia kwa majahazi na kwa misafara, wakatoka kwenda mashambani, na hesabu ya jana haikufaa kesho. Tukumbuke pia kwamba kazi ile ilikuwa kazi ya amri. Aliyepimwa alikuwa ghala ya vimelea machoni pa serikali kabla ya kuwa mgonjwa.

Elimu hiyohiyo ikatumika kuugawa mji. Kwa kuwa madaktari wa zama zile waliamini kwamba watoto wa Kiafrika wana vimelea katika damu, na kwamba mbu haruki mbali, hoja ya afya ilitiwa pamoja na hoja nyingine za kuwatenga watu kwa rangi. Wenyeji wakazipa sehemu hizo majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Waingereza walipouchukua mji mwaka wa 1916, wapagazi wa jeshi lao waliwekwa upande wa magharibi wa mji, na jina la kikosi hicho cha wapagazi, kwa matamshi ya Kiswahili, likawa Kariakoo. Baadaye kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi kati ya Kariakoo na mji wa Wahindi na Wazungu. Leo watu hukivuka kiwanja hicho bila ya kujua kwamba mojawapo ya sababu za uwazi wake ni hofu ya mbu.

Katika zama za Waingereza mtu aliyeonekana zaidi mitaani katika vita vya malaria hakuwa daktari bali mkaguzi. Alipita akitazama mapipa, mitungi, vifuu na madimbwi, na mwenye mabuu ya mbu uani mwake aliweza kushtakiwa. Watu wakamwita Bwana Afya. Jina hilo lahitaji kufikiriwa. Bwana ni mwenye amri. Na neno afya, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni uzima na salama, limetiwa chini yake kana kwamba ni mali yake. Kazi ya mifereji, ya kufukia madimbwi na ya kumwaga mafuta juu ya maji yaliyosimama ilifanywa kwa bidii, na katika miaka ya 1930 kulikuwa na kitengo maalumu cha malaria kilichoichunguza Dar es Salaam kwa makini. Siidharau kazi hiyo. Nasema tu kwamba ukaguzi wa namna hii uliwafundisha watu kuficha mapipa.

Neno msimamizi nalo lina historia yake, na si historia ya kupendeza. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya kumi na tisa, msimamizi alikuwa mtu wa kuwaangalia watumwa kwa niaba ya mwenye shamba, na chini yake walikuwapo nokoa na kadamu. Kisarufi, simamia ni simama pamoja na kiambishi cha kutendea. Ni kusimama juu ya jambo au kwa ajili ya jambo. Sarufi yakubali maana zote mbili, lakini shamba lilichagua ya kwanza. Bara nako kulikuwa na mnyapara, jina lililotoka kwa viongozi wa misafara ya Wanyamwezi, na katika mashamba ya mkonge na kazi za barabara likawa jina la anayewahimiza vibarua. Serikali ya kikoloni ilipoweka watu wa kuziangalia zahanati, Kiswahili hakikuwa na jina lisilonuka shamba au msafara kwa kazi hiyo. Hii si bahati mbaya ya lugha. Lugha hutoa majina kwa mambo yaliyopo.

Baada ya vita vikuu vya pili ilienea klorokwini. Ilikuwa dawa rahisi, yenye nguvu, na madhara yake yalikuwa machache ikilinganishwa na kwinini. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1961, na hasa katika miaka ya 1970, zahanati ziliongezeka sana nchini, zikiongozwa na wafanyakazi waliofunzwa kwa muda mfupi. Wengi hawakuwa na hadubini, wala umeme, wala rangi za kutia katika damu. Kwa hiyo kanuni ikawa hii: mwenye homa na atibiwe malaria. Katika miaka ya 1990 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF kuhusu maradhi ya watoto wadogo ulikubali kanuni hiyo kwa nchi zenye malaria nyingi. Nani angelaumu? Kidonge kilikuwa cha bei ndogo, na mtoto aliyekosa kidonge aliweza kufa usiku uleule. Lakini kanuni hiyo iliyaunganisha tena maneno mawili ambayo Koch aliyatenga. Homa ikawa malaria, na malaria ikawa homa.

Kisha klorokwini ikashindwa. Vimelea viliizoea, na mwaka wa 2001 Tanzania iliiacha na kuchukua dawa aina ya salfa. Hiyo nayo haikudumu, na mwishoni mwa mwaka wa 2006 ilianza kutumika dawa mseto. Wapishi wa mwambao wajua kwamba mseto ni wali uliopikwa pamoja na choroko. Wanasiasa walikwisha kuliazima neno hilo kwa serikali ya vyama viwili. Sasa likaazimwa kwa dawa mbili zilizotiwa katika kidonge kimoja. Ni mojawapo ya istilahi chache za tiba zilizopokewa na watu wote mara moja, kwa kuwa ilitoka jikoni. Lakini mseto ulikuwa ghali kuliko klorokwini, na hofu ilikuwapo kwamba ukigawanywa ovyo utaharibika kama wale waliotangulia. Kutibu kila homa hakukuwa tena jambo la bei ndogo.

Hapo ndipo watu walipoanza kuziuliza hadubini za Dar es Salaam zinaona nini. Chombo hiki, niseme kwa kupita, wengi walikiita darubini, kama kile cha kutazamia nyota. Darubini ni neno la Kiajemi, dur ni mbali na bin ni kuona. Na kwa chombo cha kuonea vidogo Waajemi husema khurdabin, ambalo hadubini yetu yafanana nalo mno hata ni vigumu kudhani kwamba hayana udugu. Basi hadubini zilikuwapo katika hospitali, katika vituo vya afya na hata katika zahanati nyingi za mji. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2011 ulizikusanya slaidi za damu zilizokwisha kusomwa katika vituo vya ngazi mbalimbali vya Dar es Salaam. Maabara za vituo zilikuwa zimeona vimelea katika slaidi 53 kwa kila 100. Wataalamu walipozisoma tena slaidi zilezile, waliviona katika 2 tu.

Msomaji asikimbilie kuwadharau mafundi wa maabara. Na tuhesabu. Ili fundi aseme kwa haki kwamba damu haina vimelea, hana budi kutazama sehemu 100 za tone nene kwa kioo chenye nguvu, na kazi hiyo yahitaji dakika kumi hivi. Akiletewa wagonjwa 60 kwa siku, peke yake atahitaji saa kumi za kutazama, kabla ya kuhesabu muda wa kutoa damu, kukausha, kutia rangi na kuandika daftari. Rangi ikiwa chakavu, huacha punje juu ya kioo, na punje hizo zafanana na vimelea kwa jicho lililochoka. Tena nje ya mlango amekaa mganga aliyekwisha kuamua, na mgonjwa anayetaka jina la ugonjwa wake. Kusema hapana katika hali hiyo ni kazi kubwa kuliko kusema ndiyo.

Ushahidi wa lugha nao upo. Wakazi wa Dar es Salaam husema, nimekutwa na wadudu wawili, au watatu. Usemi huu umetoka maabara. Fundi huhesabu vimelea kwa kuvilinganisha na chembe nyeupe 200 za damu. Akiandika 2, maana yake ameona vimelea viwili kwa chembe 200, ambavyo kwa makadirio ya kawaida ni vimelea 80 katika kila mikrolita ya damu. Hicho ni kiasi kidogo sana, ambacho hata bingwa hukiona kwa taabu. Jibu la wawili, likirudiwa ukurasa baada ya ukurasa katika daftari, lingefaa kumshtua msimamizi yeyote aliyelifungua daftari hilo kwa nia ya kusoma. Badala yake liliingia katika mazungumzo ya mji mzima, na mgonjwa akalichukua kama idadi ya adui aliowabeba mwilini.

Nami nililichukua hivyo. Miaka kadhaa iliyopita mwanangu alishikwa na homa, nikampeleka katika zahanati moja ya mjini ambayo sitaitaja. Tulipewa jibu katika muda ambao, nikikumbuka sasa, haukutosha hata kuikausha damu: wadudu wawili. Alipewa mseto. Siku ya tatu alikuwa akipumua kwa taabu, mbavu zikiingia ndani, na hospitali tuliyokimbilia ikakuta kwamba ana nimonia. Alipona, namshukuru Mungu. Mhudumu wa zahanati alikuwa kijana mpole, na alinieleza habari ya vidonge kwa uangalifu kuliko wengi. Baadaye niliwaza kwamba pengine tangu atoke chuoni hajapata mtu wa kukaa naye hata asubuhi moja na kuitazama kazi yake.

Kisa changu si cha peke yake. Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2014. Aliyekuwa na malaria alikuwa mmoja katika kila kumi hivi. Wengi walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi, na mengi katika hayo yaliletwa na virusi. Kwa kiwango cha nchi nzima, upimaji wa watoto walio chini ya miaka 5 ulikuta wenye vimelea 18 kwa 100 katika mwaka wa 2007 hadi 2008, na 8 kwa 100 katika mwaka wa 2022. Malaria yapungua, na katika mji wa Dar es Salaam ni kidogo kuliko katika mikoa mingi. Basi homa ni ileile, lakini sababu zake zimebadilika chini ya jina lilelile.

Dawa ya tatizo la hadubini ilidhaniwa kuwa kipimo cha haraka, kile kibanzi cha plastiki kitiwacho tone la damu na maji ya dawa, kikasomwa baada ya muda wa dakika 15 au 20. Mistari miwili, pana malaria. Mstari mmoja penye alama yake, hapana. Mstari usipotokea penye alama hiyo, kipimo kimeharibika. Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2010 liliagiza kwamba kila mwenye homa apimwe kabla ya kutibiwa, na Tanzania ilikwisha kuanza kuvieneza vipimo hivi mwaka mmoja kabla.

Lakini kipimo hakijisomi, wala hakiandiki dawa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za kaskazini-mashariki ya Tanzania, na kutangazwa mwaka wa 2007, ulionyesha jambo la kustaajabisha: wagonjwa waliopimwa wakaonekana hawana malaria, zaidi ya nusu yao walipewa dawa ya malaria vilevile. Mganga aliuliza swali, akajibiwa, akaliacha jibu mezani. Dar es Salaam ilileta habari tofauti. Vituo vya mji vilipopewa vipimo pamoja na mafunzo, wagonjwa wa homa walioandikiwa dawa za malaria walishuka kutoka 75 kwa 100 hadi 20. Hayo yalitangazwa mwaka wa 2011. Chombo ni cha namna moja katika habari zote mbili. Kilichotofautiana ni yale yaliyofanywa na watu kando ya chombo. Na katika uchunguzi huohuo wa Dar es Salaam kuna onyo: dawa za kuua bakteria zilipanda kutoka 49 kwa 100 hadi 72. Mganga aliyeambiwa kwamba si malaria, na hakuambiwa ni nini, hutafuta kidonge kingine. Tusiufiche upande huu, kwa maana wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua.

Sasa twafika kwenye neno ambalo kwa ajili yake makala haya yameandikwa. Katika nyaraka za Wizara ya Afya limeenea neno usimamizi shirikishi. Asili ya shiriki ni Kiarabu. Kiswahili kikaitia kauli ya kutendesha, shirikisha, kisha kiishio cha sifa, shirikishi. Maana yake ni usimamizi unaomfanya msimamiwa awe mshirika. Ukilitazama neno hili kwa macho ya historia niliyoieleza, utaona kwamba limeundwa ili kumtoa msimamizi katika shamba la karafuu. Ile maana ya pili ya simamia, kusimama kwa ajili ya jambo, imepewa nafasi baada ya kungoja zaidi ya karne moja.

Kazi yenyewe ni hii. Timu ya afya ya halmashauri hutakiwa kuvizuru vituo kila robo ya mwaka. Katika habari ya malaria, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria umeweka orodha maalumu, ambazo siku hizi hujazwa katika kishikwambi, ili ziara isitegemee hisia za mgeni. Msimamizi hukaa pembeni mganga akimhoji mgonjwa. Hutazama kama kidole kimefutwa na kuachwa kikauke, kama tone limetosha, kama saa imetazamwa au kipimo kimesomwa kwa pupa. Huzisoma tena slaidi pamoja na fundi, wote wawili wakipokezana hadubini. Hulinganisha daftari la maabara na daftari la dawa, akauliza kwa upole kwa nini aliyeonekana hana malaria alipewa mseto. Mwisho hukaa na wafanyakazi wote, wakakubaliana mambo mawili matatu ya kutengeneza, na ziara ifuatayo huanzia hapo.

Tofauti ya kazi hii na ya Bwana Afya si upole wa sauti tu. Mkaguzi hutafuta kosa ili aliandike; msimamizi shirikishi hutafuta sababu ya kosa, na mara nyingi sababu haimo katika chumba kile. Rangi chakavu ni kosa la bohari. Wagonjwa 60 kwa fundi mmoja ni kosa la anayepanga ajira. Msimamizi asipozichukua habari hizo na kuzipeleka juu, amekuwa mkaguzi aliyejifunza kutabasamu.

Wala sidai kwamba neno jipya limekwisha kuleta jambo jipya kila mahali. Ziara huhitaji gari, mafuta na posho, na fedha zikikosekana ziara ndiyo ya kwanza kufutwa. Kuna wageni wanaojaza orodha bila ya kumtazama mgonjwa hata mmoja. Tena waliokusanya na kupima majaribio mengi ya kuboresha kazi za afya katika nchi maskini wameonyesha kwamba karatasi za mwongozo peke yake hazibadilishi karibu lolote, mafunzo peke yake au usimamizi peke yake hubadilisha kwa kiasi, na faida kubwa hupatikana watu wakikaa pamoja na kulitatua tatizo lao. Jambo hili halipaswi kumshangaza Mswahili. Hekima yetu ya zamani yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Haikusema mgeni njoo, mwenyeji ahukumiwe.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Kadiri malaria ipunguavyo mjini, ndivyo fundi wa Kariakoo atakavyokaa wiki nyingi bila ya kuona kimelea cha kweli. Na jicho lisilokiona kitu hukisahau. Siku atakapoletewa msafiri aliyetoka mkoa wenye malaria nyingi, akiwa na vimelea vichache na hali mbaya, fundi huyo atahitaji ujuzi ambao kazi ya kila siku haimpi tena. Ni mgeni wa robo mwaka, mwenye slaidi za mafunzo mkobani, awezaye kuuhifadhi ujuzi huo.

Namaliza kwa kuwageukia wenzangu wa taaluma ya lugha. Kazi yetu katika jambo hili si kubwa, lakini ipo. Twaweza kuzuru zahanati na kukusanya maneno yatumikayo kati ya mganga na mgonjwa, kuanzia wadudu wawili hata mstari mmoja, na kuyaeleza katika kamusi kama yalivyo. Twaweza kuwasaidia waandikao miongozo kupata sentensi ambayo mganga ataitumia kumwambia mama kwamba mtoto wake ana homa, lakini hana malaria. Leo sentensi hiyo ni ngumu kutamkwa, kwa sababu masikioni mwa mama yafanana na kumwambia kwamba mtoto haumwi. Nimeihifadhi ile karatasi ya majibu ya mwanangu, yenye tarakimu 2. Ningependa watoto wa watoto wetu wakiiona waulize maana yake, kwa kuwa hawatakuwa wamepata kuisikia.